Saa za maduka Jumapili

Mkuu, umeuliza kama maduka yaruhusiwe kufungua saa nyingi zaidi Jumapili. Naunga mkono, ila kwa shingo upande. Kule England na Wales, tangu sheria ya 1994, duka linalozidi mita za mraba 280 huuza saa 6 tu mfululizo, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Maduka madogo hayana kikomo. Ukiwaongezea wakubwa, wadogo ndio wataumia, maana Jumapili jioni ndiyo riziki yao. Na mfuko wa mnunuzi haunenepi eti kwa kuwa mlango uko wazi! Mfanyakazi je? Akikataa zamu asiadhibiwe. Hilo lilindwe kwanza kisheria, halafu wafungue hata usiku.