Programu yako ya zamani bado ina kazi

Kabla hujaifuta programu uliyoiandika miaka iliyopita, ifungue uangalie ni kipande gani ndani yake bado kinafanya kazi vizuri. Programu nzima huenda haina mtumiaji tena, na kuifufua kama ilivyokuwa ni kujichosha bure.

Yangu ilikuwa ya kupanga nyimbo kwenye kompyuta. Sasa nasikiliza muziki kupitia intaneti, siihitaji. Lakini ilikuwa na sehemu ninayoipenda hadi leo: ya kunasa nyimbo zilizojirudia hata kama majina yameandikwa tofauti. Inatumia umbali wa Levenshtein, mbinu ya mwaka 1965. Unahesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au ziondolewe ili neno moja liwe jingine. Kutoka "Muhamad" hadi "Mohammed" ni hatua 3. Hesabu hiyo haijali kama jina ni la wimbo au la mtu, basi nikaichomoa na kuipa orodha ya wanachama wa kikundi chetu. Inatuonyesha majina yanayoshukiwa kuandikwa mara mbili. Kufuta tunamwachia binadamu, maana Hasan na Hasani wanaweza kuwa watu wawili kweli.

Hata Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, ilipatikana hivyo: mchezo wa Glitch ulifungwa mwaka 2012, ila chombo cha mawasiliano ambacho watengenezaji wake walijiundia kikabaki na kuwa bidhaa.

Kuhamisha msimbo, yaani maandishi ya programu, ndiko kunakotaka subira. Kama uliandika kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, fahamu kwamba ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Amri ya print isiyo na mabano haisumbui sana, kwani programu inagoma papo hapo na unajua pa kurekebisha. Ogopa kugawanya. Zamani 5/2 ilikupa 2. Python 3 inakupa 2.5, na hakuna onyo lolote. Kwa hiyo, ikiwa toleo la zamani bado linawaka, liendeshe kwanza kwa data halisi, hifadhi majibu yake, kisha ulinganishe na ya toleo jipya mstari kwa mstari.

Ukitaka kuwagawia wengine msimbo huo, pekua nywila ulizoziacha ndani. Git, chombo cha kuhifadhi matoleo ya msimbo, hutunza historia yote, hivyo kufuta mstari leo hakuondoi nywila iliyohifadhiwa zamani. Ibadilishe nywila yenyewe huko inakotumika, ndipo uugawe msimbo.