Kuwatofautisha wake wa makaizari wa Ujerumani

Ndugu, umeuliza kwa nini orodha yako ya wake wa makaizari wa Ujerumani ina "Victoria" wawili na mjane mmoja asiyeeleweka. Kwanza, usimtambue mtu kwa jina la ubatizo pekee. Andika jina, ukoo aliozaliwa, mume na mwaka wa ndoa.

Makaizarina, yaani wake wa makaizari waliokuwa wakitawala, walikuwa watatu tu, 1871 hadi 1918. Augusta wa Saxe-Weimar-Eisenach aliolewa na Wilhelm I mwaka 1829. Victoria, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza, aliolewa na Friedrich III mwaka 1858. Auguste Viktoria wa Schleswig-Holstein aliolewa na Wilhelm II mwaka 1881.

Mkanganyiko mkubwa unatoka mwaka 1888. Friedrich III, tayari mgonjwa wa saratani ya koo, alitawala siku 99 tu, 9 Machi hadi 15 Juni. Baada ya kifo chake, Victoria alijiita Kaiserin Friedrich (Kaizarina Friedrich), kwa jina la mumewe. Huyo ndiye mjane wako, si mtu wa nne. Augusta naye aliishi hadi Januari 1890, kwa hiyo kwa muda Kaizarina walikuwa watatu kwa wakati mmoja. Picha isiyo na tarehe ya kipindi hicho usiipe jina haraka.

Hermine wa Reuss mtoe kabisa kwenye orodha. Aliolewa na Wilhelm II huko Doorn, Uholanzi, mwaka 1922, kiti cha enzi kikiwa kimeshapotea miaka minne. Cecilie pia mtoe: alikuwa mke wa mrithi wa kiti cha Wilhelm II, basi.