Re: Shule za umma zilianzishwa kwa ajili ya viwanda tu?

Mkuu, umeuliza kama serikali zililazimisha watoto kwenda shule ili tu kupata vibarua wa viwandani. Sidhani, tarehe zenyewe zinakataa. Prussia, dola la zamani la Wajerumani, ilitoa amri yake ya kulazimisha watoto kwenda shule mwaka 1763, kabla viwanda havijashamiri huko. Mfalme Frederick wa Pili alitaka raia wanaojua kusoma, wacha Mungu na watiifu (hilo la utiifu watetezi wa shule hawapendi kulitaja). Uingereza, yenye viwanda tele, ilichelewa: sheria ya 1870 ilileta shule, mahudhurio yakawa lazima 1880, na ada ikaondolewa katika shule nyingi za msingi 1891. Tena baadhi ya wenye viwanda walinung'unika, maana mtoto akiwa darasani hayupo kwenye mashine. Massachusetts, jimbo la Marekani lililofanya shule kuwa lazima 1852, ilisukumwa pia na hofu ya wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland.