Ugali Umepungua, Sahani Ijae Nini?

Barua za wasomaji wa Mwanza na visiwa vya ziwani juu ya kupunguza wanga zimeongezeka, na nyingi zinafanana: mtu ameacha ugali, siku ya tatu kichwa kinamgonga, siku ya tano amerudi kwenye sufuria na hataki kusikia habari hizo tena. Kosa karibu kila mara ni lile lile. Ugali umetolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Namba tutakazotaja ni gramu za wanga wenyewe, si uzito wa chakula. Mlo wenye wanga kidogo kwa kawaida ni ule wa chini ya gramu 130 kwa siku. Ule mkali, unaoitwa keto, huwa kati ya gramu 20 na 50. Kwa wengi wanaotuandikia, ule wa kwanza unatosha. Anayetumia dawa za kisukari au za presha asome jibu la barua ya tatu kabla hajagusa sahani yake.

Napikia watu sita kwa sufuria moja. Nimeongezeka uzito na nataka kupunguza wanga, ila watoto hawawezi kukosa ugali. Nianzie wapi? (Mama wa Buhongwa)

Dada yetu, usianze na ugali. Anza na kikombe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari. Kile cha kujaza kilima hufika 6. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko viwili vya kujaza, amemaliza gramu 36 kabla hajala kitu. Soda ya chupa ya mililita 350 ina karibu kiasi hicho hicho, na juisi ya miwa au ya embe si salama zaidi kwa sababu tu imetoka kwenye tunda. Wiki ya kwanza toa sukari ya kunywa, mengine yaache yalivyo. Ukishindwa kuacha ghafla, punguza nusu kijiko kila baada ya siku mbili, ulimi huzoea.

Wiki ya pili shika asubuhi. Chapati moja ya kawaida ina gramu 40 hadi 45, na wachache hula moja. Badala yake kaanga mayai mawili au matatu na nyanya na hoho, au kunywa supu ya samaki bila chapati ya kuisindikiza. Mayai hayana hata gramu moja ya wanga kila moja.

Ugali unakuja wiki ya tatu, na hapo pima unga, kwa sababu ugali wenyewe hudanganya kwa maji. Kikombe cha mililita 250 cha unga wa mahindi kina uzito wa gramu 130 hivi, na ndani yake karibu gramu 100 ni wanga. Ugali wenye ukubwa wa ngumi yako una gramu 40 hadi 50. Bakia na ngumi moja mchana, usiku ugali usile kabisa, na utakuwa chini ya 130 bila kupiga hesabu nyingine.

Sasa sehemu inayosahaulika. Sufuria ya ugali ya watoto iache ilivyo, wanaokua wanauhitaji. Unachobadilisha ni kitoweo: pika mboga mara mbili ya kiasi cha siku zote. Nusu ya sahani yako iwe mchicha, matembele, kabichi, bilinganya au nyanya chungu. Robo iwe samaki, nyama au mayai. Kisha weka mafuta, na hapa kina mama wengi huogopa. Vijiko viwili vya chakula vya karanga za kutwanga ndani ya mboga huleta gramu 5 tu za wanga lakini hukaa tumboni. Samli, maziwa mgando yasiyo na sukari na nusu parachichi hufanya kazi hiyo hiyo. Bila mafuta, saa kumi jioni utakuwa unatafuta maandazi.

Nimeacha wanga wote siku nne sasa, nakula sato wa kuchemsha na mchicha. Kichwa kinauma, nasikia kizunguzungu, usiku misuli ya miguu inakaza. Ni malaria au ni chakula? (Dereva wa bodaboda, Igoma)

Kaka, kapime malaria kwanza, leo. Kanda yetu ni ya malaria na huwezi kuitambua kwa kukisia. Ukiwa na homa au kutetemeka, hilo halitokani na kupunguza wanga.

Kipimo kikiwa safi, basi yaelekea sababu ni upungufu wa chumvi na maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na gramu 3 hivi za maji. Akiba ikiisha, maji yake hutoka. Wakati huo huo insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu, hushuka, na figo zikipata insulini kidogo huachia chumvi nyingi kwenye mkojo. Ndiyo maana unakwenda haja ndogo mara nyingi, na ndiyo maana kichwa kinauma. Wewe pia unashinda juani na jasho linaongeza hasara.

Dawa yake inauzwa Mwaloni, kwenye soko la samaki. Nunua mapanki (mifupa ya sangara iliyotolewa mnofu) au kichwa cha sangara, chemsha na tangawizi, kitunguu na limau, na kwenye kikombe kikubwa cha supu tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kunywa kimoja mchana na kimoja jioni kwa wiki ya kwanza, pamoja na maji kila unaposikia kiu. Wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Ushauri huu haumhusu mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo. Huyo asiongeze chumvi bila daktari. Kwa misuli, ongeza mbegu za maboga na parachichi, maana zina magnesiamu na potasiamu, na mchicha usiukamue maji yake ukayamwaga.

Tatizo lako la pili ni kwamba huli vya kutosha. Sato ni samaki mwenye mafuta kidogo, chini ya gramu 2 katika kila gramu 100 za mnofu. Sato wa kuchemsha na mchicha wa kuchemsha ni mlo wa mgonjwa, haumtoshi mtu wa kazi. Mkaange kwa mafuta ya alizeti au ya pamba bila kumpaka unga, au badilisha na sangara wa tumboni, na kula parachichi zima. Na kama kizunguzungu kinakushika ukiwa kwenye pikipiki, egesha. Rudisha ngumi moja ya ugali mchana hadi mwili utulie; huna haja ya kuanza kwa ukali huo.

Nina sukari mwaka wa nane, natumia metfomini na glibenklamaidi. Jirani ananiambia nile ugali wa dona na wa mtama kwa kuwa hauna wanga. Ni kweli? Na nikiacha ugali, dawa niziache? (Mzee wa Nyakato)

Shikamoo mzee wetu. Dawa usiache mwenyewe, na ugali usiuache kabla hujaonana na daktari wako. Tunalisisitiza hili kuliko jambo jingine lolote katika ukurasa huu.

Glibenklamaidi hulisukuma kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Ukiondoa wanga na kidonge kikabaki kile kile, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Metfomini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Anayejichoma insulini yuko kwenye hatari kama yako au zaidi. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Kipimo kikionyesha chini ya 4 mmol/L, au ukiwa na dalili na huna kipimo, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15, na rudia kama bado iko chini. Watu wa nyumbani wajue kwamba aliyezimia hapewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Kuna vidonge vingine vya kisukari, dapagliflozini na empagliflozini, ambavyo havipatani na mlo wa wanga kidogo sana: damu inaweza kujaa asidi hata kama kipimo cha sukari kinaonekana kizuri. Anayevitumia akitapika, tumbo likiuma na pumzi zikienda haraka, asisubiri asubuhi. Na mwenye dawa za presha ajue kwamba presha nayo hushuka mlo ukibadilika, hivyo asimame taratibu na apime mara kwa mara.

Kabla ya kwenda kliniki, iwe Bugando, Sekou Toure au kituo cha jirani, andika kwenye daftari vipimo vya wiki moja: asubuhi kabla ya kula, na saa mbili baada ya chakula cha mchana. Mweleze daktari waziwazi: nataka kupunguza ugali hadi kiasi hiki, dawa zibadilishwe vipi? Kwa daftari lile ataweza kukupangia kipimo cha dawa.

Ama jirani, amekosea. Unga wa dona na wa mtama una wanga wa gramu 70 na ushee katika kila gramu 100. Una nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe, kwa hiyo sukari hupanda polepole kidogo, lakini hupanda. Unga wa muhogo umezidi wote, zaidi ya gramu 80. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, navyo vihesabiwe: kiazi kitamu kibichi kina gramu 20 hivi katika kila gramu 100, kikishakauka maji yametoka na wanga umebaki karibu wote.

Tangu nipunguze ugali wa muhogo choo kimekuwa kigumu. (Bibi wa Ukerewe)

Shikamoo bibi. Mlenda kila siku, maji zaidi kuliko ulivyozoea, na mboga za majani bakuli mbili badala ya moja. Maharage usiyafute: nusu kikombe ya yaliyoiva ina wanga gramu 20, lakini ndani yake nyuzinyuzi ni 6 hadi 7, na hizo ndizo unazohitaji. Damu ikionekana, au tumbo likivimba na kuuma, nenda kituo cha afya.

Wiki mbili za kwanza nilipungua kilo nne, sasa wiki ya tatu mzani haujasogea. (Karani, mjini kati)

Sehemu kubwa ya kilo zile ilikuwa maji yale tuliyomweleza ndugu wa bodaboda. Mafuta yenyewe hutoka polepole, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, kila Jumamosi asubuhi. Mara nyingi kiuno hupungua mzani ukiwa umesimama.

Baada ya wiki nne za kusimama kweli, kagua vitu vidogo. Karanga za kutafuna mezani zina wanga kidogo, lakini gramu 100 zake zina kalori zaidi ya 550. Embe moja kubwa linaweza kufika gramu 40 za wanga. Bia ya nusu lita ina 15 hadi 20. Kwa mama ntilie, mwambie mapema: "Wali usiniwekee, niongezee mboga na samaki, nitalipa." Uliza pia kama mchuzi umekolezwa kwa unga, na kama kuku amepakwa unga kabla ya kukaangwa.

Nanyonyesha mtoto wa miezi mitatu. Naweza kuingia keto? (Mama wa Pasiansi)

Hapana, dada. Toa soda na sukari ya chai, ugali endelea nao. Mjamzito vilevile. Na mwenye selimundu asiingie kwenye mlo unaotoa maji mwilini bila daktari wake kujua, kwa kuwa upungufu wa maji unaweza kumletea maumivu makali.

Sato kila siku siwezi kumudu, na dagaa wana mchanga. Nifanyeje? (Msomaji wa Kitangiri)

Dagaa ndio watakaokuvusha. Gramu 100 za dagaa wakavu zina protini zaidi ya gramu 50 na wanga hakuna wa kuhesabu. Wanawatosha watu wawili. Chagua wanaovunjika kwa mlio ukiwakunja. Wenye unyevu, weusi au wenye harufu ya uvundo waache, hasa masika, jua linapokosekana wakati wa kuanika. Kumbuka pia kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi mpevu ukikaribia nunua wa akiba.

Wakaange kavu kwa moto mdogo dakika tatu, mchanga hulegea. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano, kisha watoe kwa mikono. Usimwage maji pamoja nao, maana mchanga uliotulia chini utawarudia. Rudia hadi ukipitisha kidole chini ya beseni usihisi chembe. Kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko vitatu vya mafuta, tia dagaa, wageuze hadi wakauke, weka nyanya mbili, tangawizi na nyanya chungu nne. Funika dakika kumi. Mwisho koroga vijiko viwili vya karanga za kutwanga kwa maji kidogo, mimina, acha ichemke mara moja, kamulia limau. Mchuzi wote una gramu 20 na kitu za wanga, gawanya kwa wawili, na mle na bakuli la matembele kila mmoja.