Jeraha la kisu shingoni: nipime kina chake kabla ya kushona?

Swali: Daktari, mimi ni tabibu wa kituo cha afya kijijini. Nimempokea kijana aliyechomwa kisu shingoni upande wa kushoto. Tundu halizidi upana wa ukucha, damu imekata na anaongea vizuri. Je, niingize koleo nijue kina kabla ya kushona?

Jibu: Usiingize koleo, ndugu tabibu, wala kidole. Huenda ni bonge la damu tu lililoziba mshipa, na ncha ya koleo inatosha kuling'oa mahali ambapo huna chumba cha upasuaji. Panua kingo za ngozi taratibu, uangalie platisma, ule msuli mwembamba ulio chini tu ya ngozi. Ukiwa mzima, safisha na ushone; ukiwa umetoboka, mpe rufaa hata kama anacheka.

Zamani tulifundishwa kuigawa shingo kanda tatu na kuamua kwa mahali tundu lilipo, lakini siku hizi tunaamua zaidi kwa dalili. Uvimbe unaokua, damu inayoruka kwa mapigo, mapovu ya hewa jerahani, pumzi ya kukwaruza, shinikizo la damu lililoporomoka au kupooza upande mmoja humpeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Sauti iliyokauka, maumivu ya kumeza au ngozi inayotatarika ukiibonyeza huhitaji kipimo cha CT cha mishipa pamoja na uchunguzi wa umio. Umio ndio unaonitia hofu kuliko vyote, kwa sababu hutoboka kimya, na kuchelewa zaidi ya saa 24 huongeza vifo. Kwa hiyo asile wala asinywe, na usimpitishie mpira wa tumboni, maana akitapika bonge litang'oka.

Damu ikianza upya, bana kwa kidole palepale inapotoka. Isipokoma, hapo tu ndipo unaruhusiwa kuingiza kitu: mpira wa mkojo namba 18 au 20, puto lijazwe maji safi ya sindano hadi damu ikome, kwa kawaida mililita 10 hadi 15, kisha ubane mpira wenyewe na kushona ngozi kuuzunguka. Madaktari wa Afrika Kusini wameitumia sana njia hii.

Kola ya shingo haihitajiki ikiwa viungo vyote vinafanya kazi, kwani huficha uvimbe. Chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu, andika saa, na uukague kila dakika 15. Ukivuka mstari, wapigie simu hospitali ya rufaa waandae mtu wao mzoefu zaidi wa njia ya hewa.