Stelingi Anapotukana: Maswali ya Wasomaji

*Mwanangu wa miaka 11 alijaziwa muvi kwenye flashi, steshenari moja hapa mtaani. Niliona ni katuni, kijana wa nguo za njano na buluu anaruka angani, nikamwachia. Baadaye nasikia matusi sebuleni, na kioo chote damu. Nitazijuaje kabla hajaziangalia? Mama wa watatu, Nyakato.*

Mama, kwa maelezo yako hiyo ni Invincible, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021 kwenye Prime Video, huduma ya muvi ya intaneti. Usijilaumu, imetengenezwa ili uiachie. Episodi ya kwanza inakwenda kikatuni hasa: kijana wa miaka 17, baba shujaa, shule, utani wa mezani. Dakika za mwisho ndipo baba huyo anawaua mashujaa wenzake kwa mikono yake. Kwa hiyo mzazi anayekagua dakika kumi za mwanzo hajakagua kitu. Kagua kumi za mwisho.

Kwenye huduma za Marekani kazi kama hii hubandikwa TV-MA, yaani haiwafai walio chini ya miaka 17. Mara nyingi hufuatwa na herufi: L ni lugha chafu, V ni vurugu, S ni ngono. Flashi haibebi lebo hiyo. Chukua jina la faili, ondoa mkia wake (S01E03, 720p na kadhalika), litafute kwenye IMDb, tovuti ya taarifa za filamu, kisha fungua mwongozo wa wazazi (Parents Guide). Utakuta mambo matano yamepimwa kwa uzito: ngono, vurugu, matusi, ulevi na dawa za kulevya, na matukio ya kutisha. Anza na vurugu. Matusi mtoto huyasikia stendi kila siku. Fuvu likipasuka hajawahi kuliona.

Kama nyumbani mna Netflix, mfungulie wasifu wake wenye kikomo cha umri, halafu wasifu wa wakubwa uufunge kwa PIN ya tarakimu nne. Wengi husahau hatua hii ya pili, na mtoto anahamia tu kwa baba. Faili za flashi hazijui kufuli hizo.

*Natafsiri muvi kwa sauti kwenye banda la video, mwalo wa Igombe. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, banda linajaa, na kina mama wapo. Nimepata The Boys, ile ya mashujaa wabaya. Kila sentensi tusi. Nikitafsiri yote watu watatoka, nikiruka wananizomea kwamba nimewapunja. Nifanyeje?*

Kosa kubwa hapa ni kutafsiri neno badala ya kazi ya neno. Tusi la Kiingereza linaloanza na F mara nyingi halimtukani mtu yeyote. Linakazia tu, kama chumvi. Kiswahili kina chumvi yake: “kabisa”, “mno”, na hasa ukubwa wa dharau. Mtu akiwa “jitu” na gari likiwa “ligari”, banda zima limeshaelewa hasira. “Toa hilo ligari lako hapa!” inatosha, na hakuna mama aliyeinamisha kichwa.

Matusi ya kumrushia mtu ndiyo yenye mtego. Matusi yetu mazito humgusa mama na maungo yake, kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno hutoka nzito kuliko yenyewe. Butcher, yule Mwingereza wa The Boys, ana neno moja la maungo ya kike analolitupa ovyo, hata kwa rafiki zake. Kinywani mwake mara nyingi ni “fala” au “bwege” tu. Neno hilohilo Mmarekani akimwambia mwanamke ni tusi zito, hapo panda hadi “mshenzi” au “mbwa wewe”. “Mwanaharamu” liweke akiba mpaka hadithi izungumzie kuzaliwa nje ya ndoa, maana kwetu linamshitaki mzazi.

Halafu usiyatumie matusi yote dakika ya tano. Homelander, shujaa mkuu wa The Boys, mbele ya kamera ni mpole, anazungumza kama mgeni rasmi. Akibaki na watu wa kampuni yake ndipo uso unageuka. Mpe Kiswahili cha hotuba jukwaani na cha kijiweni akiwa faragha. Tofauti hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Ukimfanya atukane tangu mwanzo umeiua. Na tusi kubwa likifika, nyamaza kidogo, mwache mwigizaji asikike kwanza, ndipo useme. Sauti yake itakubebea nusu ya mzigo.

Ukiandika maandishi ya chini badala ya sauti, usizidi mistari miwili, kila mmoja herufi 42, na hesabu kama herufi 17 kwa sekunde. Mstari wa sekunde mbili ni herufi 34 tu, na Kiswahili kina maneno marefu. Kinachokatwa kwanza ni chumvi. Faili ya maandishi hayo (.srt) iwe na jina lilelile la video. Ikichelewa au kuwahi, kwenye programu ya VLC ya kompyuta ya Windows bonyeza G au H kuisogeza.

(Kuonyesha hadharani kunahitaji pia kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya mwenye kazi. Hilo, tafsiri nzuri hailiondoi.)

*Kwa nini siku hizi mashujaa wanatukana? Zamani hawakuwa hivi. Msomaji, Nansio.*

Zamani walibanwa. Vitabu vya katuni vya Marekani vilijiwekea kanuni kali mwaka 1954, na televisheni za huko za kurusha hewani hadi leo haziruhusiwi uchafu kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Huduma za intaneti haziko chini ya sheria hiyo.

Lakini ukali wa hadithi za mashujaa haukuja na matusi. Daredevil ya 2015 ina TV-MA na matusi yake si makali. Tazama episodi ya pili: shujaa anapigana kwenye korido kumwokoa mtoto, anachoka, anaegemea ukuta, anaanguka, anainuka tena. Aliowapiga nao wanainuka. Sisi tuliozoea kwamba stelingi hafi wala hahemi, hapo ndipo tuliposhtuka.