Kwateti za Zemlinsky: anza na ya kwanza

Mkuu nimekuelewa, watunzi Brahms na Dvořák umeshawasikiliza mpaka basi, sasa unataka kwateti za nyuzi (muziki wa violini mbili, viola na chelo) za enzi hizo zisizojulikana sana na hela ni ya rekodi moja tu. Chukua Zemlinsky, mtunzi wa Austria, zile kwateti zake nne walizopiga kundi la LaSalle Quartet kwa kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon, ila usianze na ya pili, ni kama dakika 40 mfululizo bila kupumzika, mimi ilinishinda kabisa mwanzoni, anza na ya kwanza ya 1896, imekaa ki-Brahms Brahms utaizoea chapchap. Ukinogewa ndo uende kwa Stenhammar, mtunzi wa Sweden, kwateti yake ya nne alimtunukia Sibelius, mtunzi wa Finland, tamu mno!

Ukinunua sidii (CD) ya mtumba igeuze kwenye mwanga kabla hujalipa, mkwaruzo unaofuata duara ndo mbaya, niliwahi kuuziwa hiyo ikawa inarukaruka palepale chelo inapoingia.